Kutoka Panya wa Katanga hadi Mtoto wa Nyakach

Siku ya kliniki Pap Onditi, Nyakach, mtoto huanza kulia kabla sindano haijamgusa. Katika chanjo ya malaria anayodungwa mna protini, na nasaba ya protini hiyo inaanzia kwa panya.

Mwaka 1948, Mbelgiji Ignace Vincke na mwenzake Lips walieleza kimelea kipya cha malaria, Plasmodium berghei, kilichopatikana kwa panya wa mwituni huko Katanga, Kongo. Binadamu hakimuugulishi, ila kilikubali kuishi ndani ya panya weupe wa maabara. Kwa watafiti hiyo ilikuwa neema: malaria inayofugika.

Mwaka 1967, jijini New York, Ruth Nussenzweig na wenzake waliwadunga panya vimelea hivyo vikiwa vimedhoofishwa kwa mionzi. Walipowaambukiza baadaye vimelea vikali, wengi hawakuugua. Kinga ya panya ilikuwa inashika nini hasa? Jibu likaja 1980, kwa kutumia panya tena: ni protini inayofunika mwili wa kimelea kinachotoka kwenye mate ya mbu. Kimelea hatari cha binadamu, falciparum, nacho kina yake inayofanana na hiyo, na jeni lake lilisomwa 1984.

Sasa, nani atakamua mbu wa kutosha kuchanja watoto wa Nyakach? Ilibidi protini itengenezwe. Mwaka 1987, watafiti wa kampuni inayoitwa leo GSK, huko Ubelgiji, na wale wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, waliunga kipande cha jeni hilo na jeni la ganda la kirusi cha homa ya ini B, wakaupandikiza mchanganyiko huo ndani ya hamira. Ndiyo, hamira, jamii ile ile inayoumua mkate. Hamira huzaana kwenye matangi ikitengeneza protini isiyo yake. Kisha hupasuliwa, na protini huchujwa hadi ibaki safi. Ikaitwa RTS,S.

Jaribio dogo la 1997 liliwakinga watu 6 kati ya 7. Kuanzia 2009 hadi 2014 ikawa zamu ya Afrika: watoto 15,459 katika nchi 7. Kenya ilikuwa na vituo Kilifi, Siaya na Kombewa, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria kutoka Nyakach. Waliopata dozi nne wakiwa wameshavuka miezi mitano walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Wako walioibeza namba hiyo. Mimi siibezi, maana penye malaria nyingi punguzo hilo ni watoto wengi: utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta malaria kwa asilimia 19 ya watoto wa ukanda wa ziwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 6.

Nchini Kenya chanjo ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, kwa ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi ya mwisho ndiyo inayosahaulika kirahisi, kwani mtoto huwa tayari anakimbia uani. Mama, fungua kijitabu cha kliniki uangalie kama imeandikwa.