Mtindo wa Nani?

Rumba, chacha, tango na waltz hazina mwenyewe. Bendi yoyote huzipiga, na anayejua hatua zake huzicheza popote. Vitabu na matangazo ya Kiswahili huziita zote "mitindo ya dansi", na kamusi hairuhusu mtu kulalamika. Kwa watu wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam, hata hivyo, mtindo una mwenyewe.

Bendi ya Western Jazz ilikuwa na Saboso. Maquis walikuja na Kamanyola, baadaye Ogelea Piga Mbizi. Vijana Jazz wakatamba na Takatuka, kisha Pambamoto. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina la Sikinde kwenye ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Jina la mtindo hubeba kila kitu: mpangilio wa magita na tarumbeta, uchezaji, hata ushabiki wa watu. Tazama Msondo. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ilibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Mtindo ulibaki palepale, na mwishowe bendi yenyewe ikajiita Msondo Ngoma. Wamiliki walipita, mtindo ukarithi nyumba.

Chini ya mitindo hii yote kuna rumba. Ilitufikia kwa santuri za Cuba kuanzia miaka ya 1930, ikaongezewa nguvu na wanamuziki wa Kongo. Nyingi za santuri hizo zilikuwa za son, muziki ulioenea duniani kwa jina la rumba. Rumba ya Cuba yenyewe ni ya ngoma na sauti za watu. UNESCO imezitambua rumba zote mbili, kila moja kwa wakati wake, ya Cuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021.

Ukienda Tabata jijini Dar es Salaam bendi inapopiga, utawaona watu wakianza wawiliwawili, taratibu, mashairi yakisikilizwa. Sehemu ya kasi, yaani chemko, ikiingia, ile ambayo Wakongo huiita sebene, wanaachiana na kila mmoja anaonyesha yake. Mapigo ni ya rumba, lakini shabiki wa Sikinde hatakubali uite alichocheza Msondo.

Kwa hiyo nawaomba watafsiri na watangazaji: rumba, chacha na waltz tuziite aina za dansi. Neno mtindo tuwaachie Sikinde, Msondo na wenzao, maana wamelitolea jasho.