UZI: Kutibu waraibu wa unga ni kazi ya serikali kuu au ya kaunti?

1/ Kila kampeni zikianza, huku Pwani lazima mtu apande jukwaani aahidi kituo cha kurekebisha tabia kila mahali. Watu wanashangilia, kura zinapigwa, mateja wanabaki maskani. Sitaji mtu wala chama. Wacha nieleze tu hii hoja imetoka wapi.

2/ Unga haukuja jana. Miaka ya themanini ilikuwa heroini ya rangi ya udongo, watu wakivuta. Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaingia nyeupe, inayoyeyuka upesi, na wengi wakaanza kujidunga. Sindano moja ikazunguka maskani nzima. Virusi vya Ukimwi vikapita hapo hapo.

3/ Jibu la serikali lilikuwa sheria ya 1994: miaka mingi jela, hata ukipatikana na unga wa kutumia mwenyewe. Sheria hiyo hiyo ilitaja vituo vya matibabu, lakini mtaani kwetu tulichokiona ni gari la polisi. Huduma ya mapema ilitoka kwa jamii: Omari Project ilianza Malindi mwaka wa 1995, kabla hata ya neno ugatuzi kuzoeleka.

4/ Ikaja Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Udhibiti wa dawa za kulevya umeandikwa kama kazi ya kaunti. Hospitali za kaunti, pia kazi ya kaunti. Leseni za pombe ni za kaunti, na ada zake kaunti inakusanya bila kusahau. Polisi, sera ya afya na hospitali kuu za rufaa zikabaki kwa serikali kuu.

5/ Desemba 2014 methadoni ikaanza kutolewa Mathari, Nairobi. Mwaka uliofuata ikafika Malindi. Hii ni dawa ya kunywa mbele ya mhudumu, kila siku. Inazuia arosto, mtu anaacha kutafuta unga na anaweza kupanga maisha.

6/ Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Dawa ilikuwa bure, nauli haikuwa bure. Shangazi alikuwa anauza mahamri alfajiri ili kijana apate pesa ya matatu. Miezi saba alikwenda. Akanenepa, akaanza kuswali tena na wenzake. Lakini kazi hakupata, kila mtu alimwita teja. Shangazi alipougua, nauli ikakatika, na kijana akarudi maskani. Tulimzika mwaka uliofuata.

7/ Ndiyo maana nikisikia "tutajenga jumba" nauliza: jumba la nini? Binamu yangu hakukosa jumba. Alikosa dawa karibu na nyumbani, mtu wa kumfuatilia alipokosa kuonekana, na kibarua.

8/ Kuna wanaosema kaunti hazina pesa. Ni kweli mgao huchelewa, na mimi sikatai. Lakini huduma hii imeegemea sana wafadhili wa nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tuliona hatari ya kutegemea mfuko wa mwenzako. Mtu wa methadoni hawezi kuambiwa angoja bajeti. Akikosa siku chache, arosto inamrudisha kwa muuzaji.

9/ Wengine wanasema ni kazi ya NACADA. NACADA ipo kisheria, sawa, lakini haiondoi kilichoandikwa kwenye Jedwali la Nne. Serikali mbili zinaweza kushikana mkono. Zikirushiana mpira, mama mzazi ndiye anayeumia.

10/ Kwa hivyo yeyote akija kuomba kura ya ugavana au uwakilishi wadi, muulize: Ada za leseni za pombe, ni kiasi gani kinaenda kwa matibabu? Dawa itafika zahanati gani, lini? Anayetoka kwa matibabu, atapata kazi wapi? Akijibu kwa picha ya jengo, ujue hajakujibu.

Kama una mtu wako maskani, usimfiche. Tuandikie hapa chini wadi yenu ina huduma gani.