Mgawo Uliolizidi Ziwa: Leseni, Viwanda na Sangara katika Ukanda wa Mwanza

Buswelu ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, halmashauri iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo mipaka yake inajumuisha mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze. Leseni ya mvuvi mdogo hutolewa na halmashauri. Kibali cha kiwanda cha kusindika samaki hutolewa katika ngazi ya taifa. Samaki anayegombewa ni yuleyule. Insha hii inadai kwamba kupungua kwa sangara katika Ziwa Viktoria hakuwezi kuelezwa kwa uvuvi haramu pekee, bali pia kwa historia ya mgawo: rasilimali moja iligawiwa zaidi ya mara moja, na mamlaka tofauti, bila jumla ya mgawo huo kulinganishwa na uwezo wa ziwa.

Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, huku spishi nyingi za furu zikitoweka. Wingi huo ndio uliozaa dhana ya kwamba ziwa halina kikomo. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza kwa ajili ya soko la Ulaya. Viwanda hivyo, kwa kupitia mawakala, viliwakopesha wavuvi nyavu, injini na mafuta, nao wavuvi wakalipa kwa samaki. Hivyo kila kiwanda kipya kiliongeza mitumbwi majini.

Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa uingizaji wa samaki wa ziwa hilo. Zuio hilo lilihusu usalama wa chakula, si wingi wa samaki. Wasindikaji waligharimia maboresho ya usafi, na gharama hizo zikahitaji minofu mingi zaidi ili zirudi. Sensa za uvuvi za nchi tatu zinazomiliki ziwa zilionesha wavuvi wakiongezeka kutoka takriban 129,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 190,000 mwaka 2006. Leseni ilihesabu chombo na mtu, haikuhesabu samaki.

Inaweza kupingwa kwamba tatizo halisi ni makokoro na nyavu zenye matundu madogo. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa sangara mchanga akivuliwa hana nafasi ya kuzaliana. Hata hivyo, nyavu hizo zilienea pale ambapo samaki wakubwa walipungua na deni la wakala likabaki palepale. Kosa la mvuvi, kwa kiasi kikubwa, lilikuwa tokeo la mgawo uliotangulia.

Gharama nazo hazikugawiwa sawa. Viwanda vilipokosa malighafi vilipunguza uzalishaji, na baadhi vikafungwa. Mvuvi, kwa upande wake, alikabiliwa na Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ambapo zana haramu ziliteketezwa kwa moto. Doria ilipunguza nyavu zisizoruhusiwa. Haikugusa hesabu ya vibali halali. Maadamu hesabu hiyo haijawekwa katika daftari moja na makadirio ya samaki waliopo, leseni inayotolewa Buswelu itaendelea kumwahidi mvuvi samaki ambaye kiwanda nacho kimekwisha kuahidiwa.