Sayyid Said na mchezo wa kujenga ukoo

Jumamosi iliyopita nilifungwa vibaya. Si kwenye bao la kete, wala si drafti yetu ya vizibo vya soda pale kijiweni. Ni mchezo wa ubao uitwao Legacy, uliotoka mwaka 2013, ambao rafiki yangu mmoja alirudi nao kutoka masomoni Ulaya. Mnajifanya wazee wa koo za kitajiri za Ufaransa ya karne ya 18. Unaoa, unazaa, unawaozesha wanao kwa watu wenye fedha na majina, na baada ya vizazi vitatu mwenye heshima nyingi ndiye mshindi. Mimi nilikazana kuzaa tu, fedha ikaniishia mapema.

Kwenye daladala ya kurudi nyumbani nikawa namuwaza Sayyid Said bin Sultan, maana yeye mchezo huo aliucheza na watu wenye damu. Aliitawala Oman tangu 1806, na mnamo 1840 akahamishia makao yake Unguja, akaneemeka kwa karafuu, forodha na biashara ya watumwa. Binti yake Salme, katika kitabu chake cha 1886, anasema mzee alipofariki aliacha watoto 36: wa kiume 18, wa kike 18. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke wa ndoa. Wote mama zao walikuwa masuria. Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo. Kwenye ule ubao wetu sikuona kadi ya mwanamke kama huyo.

Na kuna jambo jingine ambalo ubao hauna. Mchezo unakwisha kwa kuhesabu pointi, kila mtu anakwenda kwao. Hakuna kanuni ya kugawana! Kwetu babu alipofariki tuligombania shamba la minazi mwaka mzima, na sisi hatukuwa na manowari.

Wanawe Said walikuwa nazo. Khalid, aliyekuwa ameachiwa Unguja, alifariki 1854, nafasi ikaenda kwa Majid. Oman ilikuwa mikononi mwa Thuwaini. Tarehe 19 Oktoba 1856 Said mwenyewe akafia baharini karibu na Shelisheli. Ndani ya meli ile alikuwemo mwanawe mwingine, Barghash, ambaye walipofika Unguja alimzika baba usiku kimya kimya, akajaribu kuchukua utawala kabla Majid hajajua. Akashindwa.

Majid aliahidi kumpelekea Thuwaini reali 40,000 kila mwaka, kisha akaacha kulipa. Mwaka 1859 Thuwaini akaanza safari ya kuja kupigana, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka huo huo Barghash akaasi akisaidiwa na dada zake, na aliyemwandikia barua za siri alikuwa Salme, binti wa miaka kama 15. Wanamaji wa Kiingereza wakauzima uasi, Barghash akapelekwa Bombay. Halafu 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, akaamua: Oman mbali, Unguja mbali, na Unguja ilipe zile reali 40,000 kila mwaka. Yaani ugomvi wa ndugu wa baba mmoja hakimu wake yuko Calcutta! Kufikia 1890, chini ya Ali, mtoto wa nne wa Said kutawala Unguja, visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza.

Salme aliondoka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1885 alirudi pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake. Sultani wakati huo alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua. Hakukubali hata kuonana naye.

Jumamosi hii tunacheza tena. Safari hii nazaa wawili tu.