Kodi ya 2 kwa mia: feza za viwanda zinatoka kwa nani, zinaenda kwa nani?

Bidhaa zinapoingia inchini kupitia Kasumbalesa, Kasindi ao Matadi, Leta inakata kodi nyingi. Moja kati yazo ni kodi ya kukuza viwanda: 2 kwa mia ya bei ya bidhaa. Vitu vyenye kutengenezwa hapa Kongo navyo vinakatwa vilevile. Mufanyabiashara anailipa kwanza, kisha anaiweka ndani ya bei. Mwishowe ni mama anayenunua sabuni sokoni ndiye anailipa. Feza hizo zinaingia katika sanduku moja la Leta, Fonds de Promotion de l'Industrie, lenye wengi wanalijua kwa jina la FPI. Kazi ya sanduku hilo ni kukopesha wenye viwanda na wale wenye wazo la kufungua kiwanda.

Lakini FPI haikuwa ya kwanza. Mwaka wa 1970 ilianzishwa SOFIDE, shirika la feza za maendeleo, kwa musaada wa Benki ya Dunia. Ilikopesha viwanda na kampuni za kilimo. Tatizo la mikopo ya namna hiyo linajulikana mpaka leo: inaomba vitabu vya hesabu na dhamana ya nyumba ao shamba lenye hati. Seremala mwenye mikono miwili na randa moja habaki na cha kuonyesha.

Juu ya watu kama huyo, mwaka wa 1973 Leta iliunda OPEZ, ofisi ya kusaidia biashara ndogo na za katikati za Wazairwa. Wazo lilikuwa zuri: kumufundisha mutu, kumusindikiza, kumufikisha benki. Lakini mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba, Raisi Mobutu alitangaza ile yenye watu waliita «zairianisation». Maduka, mashamba na biashara za wageni, wakiwemo Wagiriki, Wareno na Wahindi, zilitolewa kwa Wazairwa. Wengi wa waliozipata walikuwa wakubwa wa serikali, wa chama, na ndugu zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa dukani, wakala feza, wala hawakuagiza zingine. Rafu zikabaki wazi. Kufikia 1976 Leta yenyewe ilikuwa inaita wageni warudilie mali zao.

Kwa hiyo, ndani ya mwaka mumoja Leta ilishika njia mbili. Moja ilikuwa ya kujenga mutu polepole. Ingine ilikuwa ya kugawa mali kwa yule aliye karibu na meza. Tangu hapo njia hizo mbili zimekuwa zikishindana, na ya pili imeshinda mara nyingi.

FPI ilizaliwa tarehe 7 Agosti 1989, wakati mubaya. Septemba 1991, kisha Januari 1993, askari wenye hawakulipwa vizuri walipora maduka na viwanda. Mwaka wa 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000 kwa mia. Katika hali hiyo, mukopo wa feza ya inchi ulikuwa kama barafu mukononi. Kisha, 1996, vita ikaanza huku mashariki.

Hata hivyo biashara haikufa. Butembo inajulikana kwa hilo. Wafanyabiashara wake walijenga muji kwa kahawa, mboga na malori, wakafika kununua bidhaa Dubai na China na kuzipitisha Mombasa. Walisaidiana mitaji kwa kuaminiana, na mwenye kuvunja neno alijua atafungiwa milango yote. Mahali pengine wamama walishika likelemba. Hiyo inaonyesha kwamba uwezo wa kuvumbua na kulipa deni upo. Lakini kuaminiana peke yake hakununui mashine ya kukamua mafuta, wala hakuleti umeme.

Miaka hii Leta imerudia kazi hiyo. Mwaka wa 2018 ulianza muradi wa PADMPME, dola milioni 100 za Benki ya Dunia, na mashindano ya mipango ya biashara kwa vijana, Goma ikiwa kati ya miji iliyochaguliwa. Mwaka wa 2020 OPEC, mutoto wa ile OPEZ ya zamani, ikageuka ANADEC, na sanduku la dhamana FOGEC likaundwa. Septemba 2022 ikatoka sheria juu ya biashara changa. Mwaka huohuo muradi wa Transforme ukapata dola milioni 300.

Lakini njia ya pili nayo haikufa. Mwaka wa 2014 Leta ilifungua shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, hekta 80,000. Kufikia 2017 kazi zilikuwa zimesimama. Wakaguzi wa IGF walisema dola milioni 285 za Leta zilitolewa, na mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana.

Sasa, huku Goma na Bukavu, benki zilifunga milango baada ya miji hiyo kuanguka mwanzoni mwa 2025. Kijana mwenye kukausha matunda ao kushona viatu amerudi mahali pa babu yake: ndugu, rafiki, likelemba. Kwa hiyo ulizo juu ya zile 2 kwa mia halijazeeka. FPI haikopeshi feza ya mufuko wa mukubwa fulani. Inakopesha feza ya sabuni, ya mafuta, ya bati. Wenye kulipa wako na haki ya kuona orodha moja, kila mwaka, jimbo kwa jimbo: nani alikopeshwa, kiasi gani, juu ya kazi gani, na kama alirudisha. Mutaji ulitafutwa mara nyingi tangu 1970, na ukapatikana. Orodha hiyo haigharimu hata kiwanda kimoja.