Mali bila Daftari: Utawala wa Vyama vya Beni na Vyama vya Kusaidiana

Utangulizi

Mtu anayeishi kijijini alikozaliwa hana haja ya kujiuliza ni nani atakayemzika. Swali hilo ni la mgeni. Mpagazi aliyefika Ujiji na mzigo begani, askari aliyehamishwa kutoka boma hili hadi boma lile, karani aliyepelekwa kwenye kituo asichojua mtu hata mmoja: hawa wote walilala na swali hilo na kuamka nalo. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi wageni wa Afrika Mashariki walivyolijibu kwa kuunda vyama, na hasa jinsi vyama hivyo vilivyotawaliwa. Maana kuchanga fedha ni jambo jepesi. Kuitawala fedha iliyochangwa ndiko kuliko na kazi.

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Gatete na Rumonge tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Kirundi ni lugha ya milima yetu tangu zamani, lakini Kiswahili kilifika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika pamoja na wageni: wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji, Wamanyema, wavuvi, mabaharia wa majahazi, na baadaye askari na watumishi wa serikali. Historia ya lugha yetu mahali hapa ni historia ya watu walio mbali na kwao.

Mzishi na mtani

Kabla ya vyama kulikuwa na mzishi. Neno hili lastahili kufundishwa darasani, kwani lina falsafa nzima ndani yake. Mzishi si mchimba kaburi tu. Ni rafiki wa kuaminiwa, yule ambaye mtu anajua kwamba siku yake ikifika, huyo ndiye atakayesimamia mazishi na kuzitunza siri zake. Kumwita mtu mzishi wako ni kumweka mahali pa ndugu.

Pamoja na mzishi alikuwako mtani. Utani wa makabila, uliokua sana katika njia za misafara kati ya pwani na bara, haukuwa mzaha mtupu. Mtani aliyekutukana hadharani bila wewe kukasirika ndiye huyo huyo aliyepaswa kukusaidia ukifikwa na shida ugenini, na kushika kazi za mazishi ukifa mbali na ukoo wako. Lakini mzishi na mtani ni watu binafsi. Wakihama, au wakitangulia wao kufa, ahadi huondoka nao. Miji ilipokua, na watu walipoanza kuhamishwa kwa maelfu, ilihitajika ahadi isiyokufa na mtu. Ahadi ya namna hiyo ndiyo iitwayo chama.

Beni na kuenea kwake

Chama kilichovuma kuliko vyote katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 kilikuja kwa sura ya ngoma. Neno “beni” limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, vijana walipoiga bendi za kijeshi: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na sare. Mombasa ilikuwa na vikundi vya Kingi na Skochi. Katika Tanganyika, tangu wakati wa Wajerumani, watu waligawanyika katika Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa waungwana wa mji, watu wa pwani na wenye elimu, na jina lao lilitokana na mambo ya manowari. Arinoti waliwapokea zaidi watu wa bara na vibarua waliokuja mjini kutafuta kazi. Kwa hiyo Arinoti kilikuwa chama cha wageni hasa.

Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, iliichukua beni mbali. Askari na wapagazi waliichezea kambini, na amani ilipopatikana wakarudi nayo makwao. Ikafika Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji. Tukumbuke hali ya ziwa letu wakati huo. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliitwaa Usumbura mwezi wa Juni 1916 na Kigoma mwezi wa Julai, na hawakuikabidhi Kigoma kwa Waingereza mpaka mwaka 1921. Hivyo katika miaka ambayo beni ilivuma mno, Ujiji na Rumonge, Kigoma na Usumbura, zote zilikuwa chini ya mamlaka moja, na watu, habari na nyimbo vilipita ziwani bila mpaka wa dola mbili.

Vyeo na kazi zake

Mtazamaji aliyesimama kando ya uwanja wa beni aliona kichekesho. Hapa mfalme, pale gavana, huku jenerali na kepteni, kila mmoja na sare yake, ilhali asubuhi yake mfalme huyo alikuwa mpishi wa Mzungu au kibarua bandarini. Maofisa wengi waliona ni uigaji wa kitoto. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba chini ya sare hizo palikuwa na mpango wa watu wazima.

Mpango huo ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, ngazi ya vyeo ilimfanya kila mwanachama ajue ni nani anayeamuru na ni nani anayetii. Karani wa chama aliandika barua, na viongozi waliamua magomvi. La pili, matawi yalijuana. Mwanachama aliyefika mji mgeni aliwatafuta wenzake wa Marini au wa Arinoti, akapata mahali pa kulala, chakula, na watu wa kumwonyesha njia ya kazi. La tatu, chama kilimwangalia mwanachama katika dhiki na kumzika kwa heshima akifa. Hapo ndipo lile swali la mgeni lilipopata jibu: aliyekuwa hana ukoo mjini alipata jeshi zima la kumsindikiza makaburini.

Wanawake nao hawakuwa watazamaji. Mombasa, vyama vyao vya lelemama vilikuwa na vyeo vyake, na wanawake walijifunza humo kukusanya michango, kuongoza na kusema mbele ya watu. Kutokana na vyama viwili vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, walitoka katika miaka ya 1950 viongozi wa vyama vya maendeleo ya wanawake wa Kiislamu katika mji huo.

Serikali za kikoloni zilitambua, ingawa kwa kuchelewa, kwamba hapo pana utawala. Baada ya vita Waingereza walichunguza barua zilizopita kati ya matawi, wakihofia siasa ya siri. Na mwezi wa Mei 1935, wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma kwa sababu ya kodi, na watu 6 kuuawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilikihoji pia chama cha mbeni. Mfalme wa kuigiza alikuwa ameanza kuogopwa na mfalme wa kweli.

Ila ya beni

Hata hivyo tusiipambe beni kupita kiasi. Ila yake kubwa ilikuwa mashindano. Marini walipochinja ng’ombe wawili, Arinoti hawakuweza kulala mpaka wamechinja watatu. Katika Lamu na Mombasa wazee walilalamika kwamba mali za watu zinateketea kwa karamu na mavazi. Fedha ya sherehe na fedha ya sanda ilitoka katika mkono ule ule, na mara nyingi sherehe ndiyo iliyotangulia kula. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfalme wa beni alikuwa na taji, lakini si kila mfalme alikuwa na daftari.

Kutoka taji hadi daftari

Tarehe 24 Machi 1922, Martin Kayamba na wenzake walianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani. Naye Tanga alikuwa mgeni kama wengi wa wenzake. Chama chao kiliwakutanisha Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara, kikawa na mahali pa kusomea magazeti na pa kuzungumzia haki za kazi. Hapo sare ziliwekwa kando, zikaja kanuni.

Mwaka 1929 kikazaliwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, na katibu wake Kleist Sykes, ambaye baba yake alikuja kutoka Msumbiji na jeshi la Wajerumani. Chama hicho kilijenga nyumba yake katika New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Kilibadili jina mwaka 1948 kikawa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikazaa TANU. Watu waliojizoeza kuendesha mkutano wa chama kidogo waliishia kuendesha nchi.

Mwalimu wa lugha atatambua kwamba safari hiyo imeacha alama katika maneno. Mfalme ana enzi. Mwenyekiti ana kiti tu, na kiti hicho amepewa na waliokaa mbele yake. Katibu ni yule aandikaye. Mhazini ni mlinzi wa hazina, wala si mwenye hazina. Mjumbe ametumwa, na aliyetumwa hurudi kutoa habari. Akidi ni ile hesabu ya watu ambayo bila kutimia hakuna uamuzi ulio halali. Kila neno hapa limefunga mkono wa mtu mmoja ili kuilinda mali ya wengi.

Wala hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1886, wachimba makaa ya mawe 13 kutoka Hungaria walianzisha huko Hazleton, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, chama kiitwacho Verhovay. Nao walikuwa wageni, kazi yao ilikuwa ya hatari, na walitaka mjane asibaki mikono mitupu na maiti asizikwe kwa kuombewa sadaka. Mwaka 1955 Verhovay kiliungana na chama cha Rákóczi na kupata jina la William Penn. Sheria za majimbo ya Marekani huvitaka vyama vya aina hiyo viwe na matawi na uongozi uliochaguliwa na wawakilishi wa wanachama. Mchimba makaa wa Hazleton na kibarua wa Arinoti hawakusikiana kamwe, lakini swali lao lilikuwa moja.

Mwambao wetu

Swali hilo halijaisha hapa kwetu. Tarehe 29 Aprili 1972, machafuko yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa nchini kote. Maelfu kwa maelfu walivuka kuingia Tanzania, wengi wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi waliporudi miaka mingi baadaye, walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Walirudi wakisema Kiswahili kizuri, wakawa wageni katika nchi ya baba zao. Kwa watu kama hao, kuzikana si habari ya vitabuni.

Kwa bahati, Burundi ina vikundi vya kuweka na kukopa vijulikanavyo kwa jina la Kirundi la Nawe Nuze, yaani “nawe uje”. Katika vikundi vya namna hii sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hakuna mfalme wala jenerali hapo. Kuna mfuko wa akiba, na mfuko mwingine wa dharura, usichanganywe na ule wa kwanza. Ile ila ya beni imepata dawa yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba chama hakidumishwi na ukubwa wa michango wala na uzuri wa sare, bali na mpango unaomzuia kiongozi kuigeuza amana kuwa mali yake. Walimu wenzetu wanaweza kulifanyia jambo hili kazi. Tuwafundishe wanafunzi kuandika kumbukumbu za mkutano, taarifa ya mapato na matumizi, na barua ya kuitisha kikao, kwa Kiswahili safi na hesabu zisizofichwa. Mtoto anayejua kuandika kwamba “mkutano ulikubali” au “mkutano ulikataa” atakuwa na haki ya kuuliza, siku moja, fedha ya wazishi imekwenda wapi, na aliyeulizwa hatakuwa na budi kulifungua daftari.