Miguu ya mvuvi: kutoka migono ya ningu hadi gambuti za mnadani

Ikifika katikati ya Oktoba, Bariadi huwa vumbi tupu. Pamba imeshauzwa, mashamba yamesafishwa, na kila jioni mawingu hujikusanya upande wa Serengeti, yakanguruma kidogo, kisha usiku yakatoweka bila kudondosha tone. Mwenye shamba anakagua plau. Mwenye mifugo anahesabu siku za malisho zilizobaki. Wapo pia wachache wanaoshusha migono iliyotundikwa chini ya paa tangu Mei, wakaipangusa buibui na kuangalia fito zipi zimeliwa na mchwa. Hao mvua wanaisubiri kwa ajili ya samaki.

Asiyeujua mkoa huu atauliza Simiyu na uvuvi wapi na wapi. Ukiacha Wilaya ya Busega, inayogusa Ghuba ya Speke pale Lamadi, kwingineko kote, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ni nchi ya ng'ombe, pamba na choroko. Mto Simiyu wenyewe, ulioupa mkoa jina ulipoundwa mwaka 2012, wakati wa kiangazi huwa barabara ya mchanga. Watu huchimba vishimo humo wakachota maji kwa kata. Lakini mvua ikikubali, Duma inashusha maji kutoka upande wa mapori ya wanyama, inaungana na Simiyu, na yote yanakwenda kumwagikia ziwani Magu. Maji yakishuka, samaki wanapanda.

Mnadani nilimkuta mzee mmoja akigeuzageuza gambuti nyeusi, jozi ya pekee iliyokuwa imebaki katikati ya rundo la yeboyebo na makatambuga. Muuzaji, kijana wa umri wa mjukuu wake, aliapa kwamba ule ni mpira mtupu, haumo hata uzi wa plastiki. Mzee hakubishana. Aliomba maji, akazijaza gambuti mpaka nusu, akazisimamisha juu ya gunia kavu, akachuchumaa kusubiri kama gunia litalowa.

"Zinafika wapi hizi?" akauliza huku macho yake yakiwa kwenye gunia.

"Chini ya goti, guku," akajibu, kwa neno la Kisukuma la babu.

"Na maji ya mto yanafika wapi?"

Kijana akacheka. Mimi niliondoka na lile swali, kwa sababu ukilifuata linakupeleka mbali na Bariadi, na linakurudisha.

Samaki mwenye msimu hasa katika mito inayoingia Ziwa Victoria alikuwa ningu. Wanasayansi humwita Labeo victorianus, jina alilopewa mwaka 1901. Ni samaki mwenye midomo minene iliyoelekea chini, kama mtu anayelamba sahani; hukwangua ukoga juu ya mawe na matope. Mkubwa wao hazidi sana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kiangazi hukaa ziwani. Mito ikifurika hupanda kwa makundi, huingia kwenye majani yaliyozama kandokando ya mto, huko hutaga, kisha hurudi. Watoto wake huyafuata maji yakipungua.

Uvuvi wake ulikuwa wa kungoja. Watu walifunga mto kwa uzio wa fito na matete, wakaacha milango, na kila mlango wakautegea mgono: kapu refu lililosukwa lenye koo la miiba ya fito, samaki anaingia kwa ulaini lakini kutoka hawezi. Kazi yenyewe ilimtaka mtu asimame majini saa nyingi, kiunoni au kifuani, akikaza fito kwa miguu ili mkondo usizing'oe. Vazi la kazi hiyo lilikuwa ngozi aliyozaliwa nayo. Mto ndio uliofungua msimu, na ndio uliofunga.

Wakati huohuo, mbali na ziwa, kulikuwa kunaingizwa msimu wa aina nyingine. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita nyuzi 20 kwa muda mrefu huanza kutaabika. Ndiyo maana hapa Tanganyika Waingereza walimpandikiza kwenye vijito vya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini, wala hakuna aliyewahi kumfikiria kwa Simiyu, ambako hata kivulini maji huwa kama ya kuogea mtoto. Kenya ilifika hadi kujenga kituo cha kuzalisha vifaranga vyake huko Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, mwaka 1948.

Kilichokuja pamoja na trauti kilikuwa ustaarabu mzima. Kuna ndoano iliyofungwa manyoya ikafanana na mdudu. Kuna fimbo nyembamba inayopinda kama ufito wa mchungaji. Kuna kalenda: huko Scotland trauti wa asili huvuliwa kuanzia 15 Machi hadi 6 Oktoba, na nje ya hapo ni kosa. Halafu kuna vazi la kuingilia majini. Nitaliita suruali-buti, maana sijasikia Kiswahili kikilipa jina: suruali isiyopitisha maji iliyoshikamana na buti au soksi zake, inayopanda mpaka kifuani na kuning'inia mabegani kwa mikanda. Mvuvi wa trauti hulichagua vazi hilo kabla ya msimu kwa makini yaleyale ya guku pale mnadani.

Asili ya vazi hilo na ya gambuti ni moja. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kilichobandikwa mpira katikati ya tabaka mbili. Mpira wa wakati ule ulikuwa na visa: joto unanata, baridi unakakamaa. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukiupika na salfa unatulia, na mwaka 1844 akapewa hataza. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson, Mmarekani, alifungua kiwanda Ufaransa akaanza kuwatengenezea wakulima mabuti ya mpira, watu waliokuwa wakiingia shambani na viatu vya mti. Hata nchi hii ilishika kipande cha habari hiyo: enzi za Wajerumani mashamba ya mpira yalienea Tanga na kwingineko, mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa Asia. Mpira ulitoka hapa, buti zikatengenezwa huko, na ilichukua miongo mingi kabla jozi moja haijarudi kumkuta mwenye jaruba wa Maswa.

Siku hizi machaguo ya suruali-buti ni matatu. Kuna ya mpira au plastiki nzito, rahisi na ngumu kutoboka, lakini ndani unatoka jasho mpaka unalowa vilevile, isipokuwa kwa maji yako mwenyewe. Kuna ya neoprini, mpira wa maabara uliotoka Du Pont mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hiyo huhifadhi joto, sifa ambayo Bariadi haihitajiki na mtu yeyote mwenye akili timamu. Na kuna ya kitambaa cha tabaka kinachozuia maji huku kikipitisha mvuke wa jasho, uvumbuzi ulioanzia mwaka 1969 pale Bob Gore alipouvuta ufito wa tefloni kwa ghafla ukatanuka bila kukatika. Ningekuwa na fedha ningechukua hiyo ya tatu. Na ningefunga mkanda kiunoni, maana mvuvi akianguka kwenye mkondo mkanda haujakazwa, suruali hujaa maji na kuwa mzigo.

Turudi ziwani, ambako mambo hayakungoja suruali ya mtu. Nyavu za makila zilianza kuingia upande wa Kenya mwaka 1905, mwaka uleule wa trauti wa Grogan. Kufikia miaka ya 1920 samaki kwa kila wavu walikuwa wamepungua kiasi kwamba serikali za kikoloni zilimleta Michael Graham kufanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi tano, ili kumwokoa ngege. Ningu hakuwa mbele katika hesabu hizo. Miaka ya 1950 nailoni ilipofika, ikiwa nyepesi, kali na isiyooza, watu walitega midomoni mwa mito, mahali ambapo ningu wenye mayai hujikusanya wakisubiri maji yaongezeke. Samaki wa msimu mzima wakamalizwa mlangoni. D. A. Cadwalladr, aliyefuatilia Mto Nzoia nchini Kenya, aliandika mwaka 1965 jinsi uvuvi wa ningu ulivyoanguka na jinsi mitego ya asili ya mtoni ilivyofifia pamoja nao. Uzio wa fito ungefungwa kwa ajili ya nani?

Sangara habari yake inajulikana, sitairefusha: alitiwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akashika ziwa miaka ya 1980, furu wa aina nyingi wakatoweka, viwanda vya minofu vikajaa Mwanza. Busega ikapata mialo yenye fedha. Bariadi ikabaki na kambare.

Na kambare ndiye msimu wa sasa. Huyu ana kiungo cha kuvutia hewa, anaweza kujikokota juu ya majani mabichi usiku wa mvua, anaingia kwenye malambo, mitaro na majaruba. Watoto humfuata kwa mikono, wakipapasa chini ya tope. Kamongo naye hutokea, na ukimshika vibaya meno yake yatakukumbusha. Hakuna kalenda. Nilipoona mwaka 2024 Tanzania imesimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, niliwaza ningu angekuwaje kama midomo ya mito ingepewa likizo hata ya wiki sita.

Ila kuna mwingine anayengoja mvua. Konokono wa jamii ya Bulinus hulala kwenye tope kavu la malambo na majaruba miezi yote ya kiangazi, akaamka maji yanapoingia. Humo mwake ndimo kinamokulia kimelea cha kichocho cha kibofu. Theodor Bilharz alimwona mnyoo wenyewe Cairo mwaka 1851. Ilichukua mpaka mwaka 1915 ndipo Robert Leiper, hukohuko Misri, akathibitisha kwamba konokono ndiye daraja, na kwamba kimelea hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Usukumani suala hilo lilichunguzwa hasa na Gerald Webbe miaka ya 1950 na 1960, na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, tawi la Mwanza, inaendelea nalo mpaka leo. Ziwani, upande wa Busega, kipo cha tumbo, chenye konokono wa aina nyingine.

Kimelea hicho hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa juu, na dakika chache tu za ngozi iliyolowa zinakitosha. Hakipenyi mpira. Kwa hiyo lile vazi ambalo mvuvi wa trauti hulivaa ili asipate baridi, huku lingekuwa dawa. Sehemu nyingi za Afrika mvulana kukojoa damu kulichukuliwa kama dalili tu ya kukua. Leo shuleni wanafunzi husimamishwa kwenye kipimo cha urefu, kimo kinaamua idadi ya vidonge vya praziquantel, wanameza, na mvua ikinyesha wanarudi jarubani kupapasa kambare.

Nilimwona tena guku, au mtu aliyefanana naye sana, mwishoni mwa Novemba. Mvua mbili nzuri zilikuwa zimepita. Gunia halikuwa limelowa siku ile, kumbe, maana gambuti alizinunua. Alikuwa ameingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao ukipata maji unashika kama gundi, tofauti na luseni ya mchanga ya kule mlimani anakolima viazi. Hatua ya tatu buti la kushoto lilibaki. Hatua ya nne likabaki la kulia. Alijaribu kulivuta, likatoa mlio kama wa chupa ikizibuliwa, akaliangalia, akalirudisha palepale.

Yakabaki yamesimama wima kwenye tope, yanajaa maji ya mvua taratibu, na yeye akaendelea mbele peku, suruali ameikunja juu ya magoti, mgono begani.